Mtu wa Bondeni Aliyeomba Shuka

Baba yangu alikuwa na punda aliyekataa kushuka. Kupanda alipanda vizuri tu, hata ukimtwika magunia mawili, lakini ukimfikisha kwenye ukingo wa Lyambalyamfipa, pale ambapo nchi yetu ya juu inakatika ghafla na bonde la Rukwa linaonekana kule chini kama kitu kilichodondoka, alisimama. Miguu minne imekaza kama vigingi vya zizi. Sisi ni watu wa Kasense, tulikuwa tunapeleka ulezi na maharage Muze, tunabadilishana na mchele na samaki wakavu. Siku hiyo ninayoikumbuka baba alivuta kamba mbele, mimi nikasukuma nyuma, nikapigwa teke ambalo alama yake ninayo hadi leo mahali ambapo siwezi kumwonyesha mtu. Baba akawa anapiga kelele, "Shuka! Shuka wewe! Nimesema shuka!" Watu waliokuwa wanapanda na mizigo wakaitua chini ili wacheke vizuri. Mama mmoja akasema, "Baba, unamtajia shuka tu mnyama wa watu, si umpe ajifunike? Humwoni anasikia baridi?"

Baba hakucheka. Aliitupa kamba chini akaanza kuteremka peke yake, mikono nyuma, hageuki. Nikabaki na punda, ninalia, nikijua kabisa kwamba tumeachwa wote wawili. Tukamtazama mpaka kofia yake ikawa ndogo kama punje. Halafu yule punda akashusha pumzi, hivi hivi kama mtu mzima, akamfuata. Nami nikamfuata punda. Tulipofika chini nikamwuliza baba alijuaje kwamba punda atakuja. Akaniambia, "Sikujua. Nilichoka."

Sijui kwa nini nimeanza na punda. Yustina, binti aliyerithi dirisha langu pale hospitalini, aliniletea daftari hili wiki niliyostaafu akasema, "Baba, andika ya kazini, sisi tuliobaki tusome." Ya kazini, akasema, siyo ya punda. Basi nivumilieni. Mimi niliishia darasa la tatu, mkono wangu umezoea mashuka kuliko kalamu, na nikiandika ni kama ninaongea, nikitoka njiani nitarudi mwenyewe. Mshahara sitauandika, haukuwa mrefu kiasi cha kuandikiwa. Vyeo pia. Niliingia dobi nikatoka dobi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Gaudensi. Alikuwa dobi wa hospitali tangu majengo yale hayajapigwa rangi, mtu mfupi, vidole vimekunjamana kwa maji mpaka vikawa havinyooki tena. Alinipa rundo la mashuka kutoka chumba cha upasuaji, akaondoka kwenda kunywa chai. Mimi nikawaza, damu ni uchafu mbaya, uchafu mbaya unataka maji ya moto. Nikachochea kuni chini ya pipa, maji yakachemka, nikatumbukiza yote. Aliporudi akachungulia, akanitazama, akasema, "Umeipika. Sasa tutaila na nini?" Damu ikishapikwa haitoki, vijana. Maji ya baridi kwanza, loweka, badilisha, loweka tena, sabuni baadaye, moto mwisho kabisa. Yale mashuka yalibaki na madoa ya kahawia miaka yote, na kila yaliporudi kufuliwa Mzee Gaudensi alikuwa ananiitia, "Njoo, chakula chako kimefika."

Alinifundisha upepo pia. Ninyi wa sasa mna mashine yenye vitufe, inakamua yenyewe inaimba ikimaliza, upepo hamwujui. Upepo wa Ufipa mwezi wa saba unakata vidole, na shuka lililobanwa kwa kibanio kimoja halipo kesho. Liko moja lilichomoka likaenda kutua juu ya mkaratusi karibu na geti, likawa linapepea pale. Dereva mmoja wa lori aliyetoka pwani, alikuwa amekaa anakunywa chai, akaliona. Mnajua mji wetu unavyosemwa huko kwa watu, kwamba ni wa wachawi. Chai hakumaliza. Kikombe tulikuta bado cha moto.

Lakini fundisho kubwa la mzee lilikuwa la dirishani. Chumba chetu cha kufulia kilikuwa na dirisha pana lisilo na kioo, manesi wanapitishia mashuka machafu, sisi tunatoa safi. Dirisha lile linatazama njia ya kutoka wodini. Sasa wakati ule mtu akifiwa na ndugu yake wodini, na ametoka mbali, hana nguo ya kumfunika, alikuwa anakuja dirishani kwetu. Hakuna aliyewatuma, walijua tu. Mzee akaniambia, "Mtu akija hapa akasimama, akasema shuka, usimwulize la nini, usimwulize la nani. Lile neno jingine usimlazimishe alitamke. Chukua moja kuukuu lakini zima, kunja mara nne, mpe kwa mikono miwili." Nesi mkuu alijua, akawa haoni. Hivyo ndivyo tulivyofanya, mimi na mzee, na alipoondoka mzee nikafanya peke yangu. Wanakuja, wanasema neno moja, shuka, ninawapa kwa mikono miwili. Sikuwahi kuuliza. Niliona ni kazi safi kuliko zote pale.

Ndiyo maana nilikosea siku ile.

Ilikuwa masika, simu za mkononi hazijafika huku. Siku hizi kila mchungaji ana mbili, moja ya kuongea na moja ya muziki. Wakati ule hospitali ilikuwa na simu ya upepo, ile redio ya kuongea na zahanati za mbali. Chumba chake kilipakana na chetu, ukuta una tundu, nilikuwa ninasikia kila kitu, hata nisichotakiwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, koti langu la kazi limelowa, ninatetemeka. Kwenye kamba ndani kulikuwa na makoti meupe ya madaktari, yamekauka, yamepigwa pasi. Nikachukua moja nikavaa. Mlisikie hili kutoka kwangu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine: nilivaa koti la daktari, na si mara moja. Linaleta joto, na ukipita nalo watu wanakuamkia vizuri.

Ilikuwa kama saa tano. Nikainua macho, mtu yuko dirishani. Msukuma, mfugaji wa kule bondeni, mrefu, mgolole wake umelowa umeng'ang'ania mwilini, matope mpaka magotini, fimbo mkononi. Anahema. Wale wafugaji walikuwa wameshakuwa wengi kule chini upande wa ziwa, na ng'ombe wao, lakini huku juu walikuwa wanapanda kwa shida tu. Akanitazama koti. Akapiga magoti pale pale nje, kwenye tope, akasema, "Bwana mganga. Shuka."

Sikuuliza. Nikachagua moja, zima, nikakunja mara nne, nikampelekea kwa mikono miwili.

Akalitazama. Akanitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukimwagika kama ule. Akasema taratibu sana, "Umejuaje?"

Nikasema, "Pole, baba."

"Umejuaje kwamba amekufa? Mimi nimemwacha anapumua."

"Nani?"

"Mtoto!"

"Si umeomba shuka?"

"Nimesema shuka! Shuka wewe! Shuka bondeni, twende, mtoto anaumwa!" Akapiga ukingo wa dirisha kwa kiganja. "Mimi ninakuomba ushuke, wewe unanipa sanda?"

Nimeshashikwa na aibu nyingi maishani, ile ya mashuka ya damu ikiwemo, lakini hiyo ilizipita zote. Nikamwambia, baba nisamehe, mimi si mganga, mimi ni dobi, koti hili si langu, nilisikia baridi. Nikalivua nusu kumwonyesha fulana yangu iliyotoboka. Hakunielewa, au hakutaka. Akasema, "Wewe ndiye niliyekupigia magoti."

Nikamkimbilia Daktari Leokadia. Alikuwa mgeni huku, binti mdogo tu lakini hodari, anatembea haraka mpaka manesi wanamfuata wakikimbia. Akaja hadi dirishani, akamwuliza yule baba taratibu. Mtoto ana miaka mingapi? Minne. Anaumwa nini? Homa, halafu degedege, ameshikwa mara tatu. Anakunywa? Jana hakunywa. Mko wapi? Mbele ya Muze, kambini, siku moja kwa mguu mpaka hapa. Zahanati mmempeleka? Mto umejaa, hawakuweza kuvuka, yeye alivuka peke yake kwa kushika mkia wa ng'ombe akapanda kuja kuita mganga.

"Baba, gari halipo," akasema Daktari. "Limeenda Kasesya kuchukua mgonjwa. Na hata lingekuwepo, barabara ya kushuka imekatika, udongo umeporomoka, halipiti."

"Kwa miguu," yule baba akasema, akinionyesha mimi. "Huyu ana miguu."

"Huyu ni dobi."

"Nimesikia. Ana miguu."

Daktari hakucheka, nami sikucheka. Akasema simu ya upepo inafunguliwa saa saba, hiyo ndiyo saa yetu na zahanati ya kule chini. Atamwambia nesi wa kule atafute namna ya kumvusha mtoto, atamwelekeza na dawa. Tusubiri saa saba.

Basi tukasubiri, saa mbili nzima. Daktari akarudi wodini, mimi nikamwingiza yule baba ndani, nikamkalisha karibu na moto wa pipa. Mgolole wake nikauvua mwenyewe, mikono yake ilikuwa haifungi, nikauanika kwenye kamba. Akabaki na shati jepesi, anatetemeka, meno yanagongana. Lile shuka alikuwa bado amelishika. Nikamwambia, jifunike basi, si unalo.

"Hili?" akasema. "Hili umelitoa kwa ajili ya maiti. Nikilivaa nimekubali."

"Nikupe jingine."

"Lolote utakalonipa ni hilo hilo." Akaliweka magotini, limekunjwa vile vile mara nne, akaweka mikono juu yake kama mtu anayezuia kitu kisifunguke.

Tukaongea. Nikamwuliza jina, akasema anaitwa Baba Kulwa. Wanawe walizaliwa mapacha, na kwao pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, hakuna kubuni. Anayeumwa ni Doto. "Na Kulwa?" nikauliza, mimi na mdomo wangu. Akasema Kulwa walimzika masika iliyopita, degedege hiyo hiyo. Kulikuwa na mama mmoja jirani aliwapa shuka, jeupe kama hili. Jina la Baba Kulwa bado linamkaa, watu hawajui wamwite nani sasa.

Nikachochea kuni chini ya pipa, ingawa zilikuwa zinawaka vizuri. 

Yeye ndiye aliyeanza tena. Akaniuliza mashuka ni mangapi kwa siku. Akaniuliza kama mtu anaweza kujua, akilishika shuka, mwenye kulilalia alipona au alikufa. Nikamwambia hapana, yakishafuliwa yote ni sawa. Akawaza. "Ng'ombe ukimshika ngozi unajua," akasema. "Nguo haina kumbukumbu." Sikujua kama ananisifu au anaidharau kazi yangu.

Saa saba Daktari akaingia chumba cha redio. Tukasimama ukutani kwenye tundu, sikio langu na lake karibu yanagusana. Ile redio kwanza inatoa kelele kama mafuta yanakaanga, halafu upepo, halafu watu wa nchi nyingine kabisa. Daktari anaita, "Zahanati, zahanati, hapa hospitali, unanipata? Ova." Anaita tena. Nikaona mkono wa yule baba umeshika ukuta, kucha zinakwangua chokaa.

Ikajibu. Sauti ya mwanamke, mbali, inazama inaibuka. Daktari akasema, kuna mtoto wa wafugaji, miaka minne, jina Doto, ana degedege, wako ng'ambo ya mto, ova. Kelele. Halafu ile sauti: "Doto yupo hapa… wamemvusha asubuhi… kwenye baiskeli… sindano nimempa… amefungua macho, amekunywa maziwa, Doto anaishi… ova."

"Doto yupi?" Daktari akapaza sauti. "Wa nani? Jina la baba? Ova!"

Kelele. Mafuta yanakaanga. Akaita mara nne, mara tano, akagonga lile sanduku kwa ngumi. Simu ilikuwa imekatika, na ikikatika saa saba mpaka kesho saa saba.

Daktari akatoka akaja kwetu. Hakuwa na uso wa mtu mwenye habari njema, na mimi nilielewa. Akamwuliza, "Baba, kule kwenu kuna watoto wangapi wanaitwa Doto?"

"Wengi," akasema. "Kwa kaka yangu yupo. Kwa jirani yupo, na yeye ni wa miaka hiyo hiyo."

"Mna baiskeli?"

"Jirani anayo."

Daktari akafumba macho kidogo. "Basi sikiliza, baba. Siwezi kukwambia kwa hakika kwamba huyo ni wako. Inawezekana. Lala hapa, kesho saa saba tutauliza tena, na gari likirudi tutaangalia barabara."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza."

"Akajibu?"

"Akajibu, lakini…"

"Akasema Doto anaishi."

"Alisema hivyo."

Akageuka kwangu.  Akaniambia, "Na wewe unasemaje?"

Mimi! Koti la daktari bado liko mwilini, nimelivua nusu nikasahau nikalivaa tena. Nikasema, "Baba, mimi ni dobi."

"Najua kazi yako. Ndiyo nakuuliza. Wewe ndiye niliyekuja kwako, wewe ndiye uliyenipa hili," akainua lile shuka. "Sasa sema."

Daktari alinitazama, akatikisa kichwa polepole, maana yake nisithubutu. Alikuwa sahihi. Sina elimu, sina ruhusa, sina hata koti. Lakini nilimtazama yule mtu, na nilikuwa nimeshampa sanda ya mtoto mzima kwa mikono yangu miwili, na nikaona kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa nimempa mara ya pili. Mdomo ukafunguka. Nikasema, "Nenda. Mtoto wako anaishi."

Hivyo tu. Sikutafuta maneno hayo, wala sikujua wakati ule kwamba yana mwenyewe.

Miaka kama mitatu ikapita. Jumapili moja niko kanisani na mke wangu, nimekaa karibu na nguzo mahali ambapo mtu anaweza kusinzia kwa heshima, katekista akasoma Injili. Kuna mtu mkubwa wa serikali, kwa Kiswahili chetu wamemwita diwani, mtoto wake yu mahututi. Nikamuwaza diwani wetu, ambaye hata bombani anaenda kwa pikipiki, nikaona hii haituhusu. Lakini katekista akaendelea. Mtoto wake yuko kule chini kando ya ziwa, Kapernaumu. Bwana yuko huku juu milimani, Kana. Yule diwani akapanda, akamwomba Bwana ashuke kabla mtoto hajafa.

Ashuke! Nikaamka wima. Mke wangu akanivuta shati. Na Bwana hakushuka, alimwambia tu aende, mtoto wake anaishi. Yule mtu akaliamini neno, akaenda zake. Njiani akakutana na watumishi wake, wakamwambia mtoto amepona. Akawauliza tangu saa ngapi. Wakasema, jana, saa saba.

Saa saba, vijana. Saa yetu ya simu ya upepo. Nilitetemeka kuliko siku ile ya mvua.

Nililirudia lile somo mpaka nikalijua, mke wangu akawa ananisomea pale penye maneno magumu. Na kuna kitu kimoja kinanishangaza mpaka leo, nisichowahi kusikia padri akikisema. Wale watumishi walisema jana. Maana yake yule diwani aliambiwa saa saba, akaondoka, akalala njiani. Alilala! Mimi njia ya kushuka ninaijua. Mtu mwenye mtoto mahututi halali njiani, anateremka akianguka mpaka afike. Anayelala ni yule ambaye neno limeshamwingia mpaka kwenye miguu. Nilimwendea padri nikamwuliza, yule mtu alirudi kwa Bwana kumwambia kwamba kweli mtoto amepona? Akasema, "Imeandikwa aliamini yeye na nyumba yake yote." Nikasema, "Hilo nimelisikia, Padri. Nauliza kama alirudi." Padri akaangalia saa.

Nimeangalia mwenyewe. Hakuna mahali imeandikwa alirudi.

Lakini pale Kana neno lilitoka kwa mwenye maneno. Huku kwetu lilitoka kwa dobi wa darasa la tatu, ndani ya koti la kuazima, kuhusu Doto ambaye huenda alikuwa wa jirani. Kesho yake saa saba Daktari aliita, hawakupatikana. Wiki iliyofuata tukampata nesi, akasema Doto waliopita pale wiki ile walikuwa wawili, mmoja alifariki, na wafugaji wale walishahamisha kambi kufuata majani, hajui nani alikuwa wa nani. Daktari akaniita akaniambia hivyo hivyo bila kunificha, wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mtaniuliza, kwa nini hukushuka kutafuta? Muze si Ulaya. Nimewahi kutoka mara mbili. Mara zote mbili nimefika ukingoni, nimesimama pale pale alipokuwa anasimama punda wa baba, nimetazama chini, kuna moshi wa kambi hapa na pale, ng'ombe kama mchanga. Nikarudi. Wengine mtasema ni woga, na siwezi kubisha. Ila sehemu nyingine ya moyo ilikuwa inaniambia, yule mtu aliliamini neno hakuomba ushahidi, wewe uliyelitamka ndiye unautaka?

Tangu siku hiyo mtu akija dirishani akasema shuka nilikuwa ninauliza swali moja, fundisho la Mzee Gaudensi nimelivunja, anisamehe huko aliko. Ninauliza, "La kufunika au la kwenda?" Wengi wanashangaa. Wawili watatu katika miaka yote walikuwa kweli wanaomba mtu aende nao mahali.

Yustina, kwenye rafu ya juu, nyuma ya mapazia ya zamani ya wodi ya wazazi, kuna mgolole. Umefuliwa, umepigwa pasi, umekunjwa mara nne. Nimekuwa ninaufua kila mwaka ili usiliwe na nondo. Usiupe mtu, usiufanye tambara. Mwenyewe akija, aukute upo.

Sasa nimalizie alivyoondoka, maana hapo nilipaacha kama nimeparuka, na ndipo penyewe.

Nilipokwisha kusema lile neno, nilimtazama yule baba. Mtu huyu alikuja anakimbia, ametembea tangu jana yake, amevuka mto kwa mkia wa ng'ombe. Nilitegemea atatoka mbio. Badala yake alilishika lile shuka pembe mbili, akalikung'uta, likafunguka lote, mikunjo minne ikaisha. Akajizungushia mabegani, akafunga fundo kifuani kama wanavyofunga wenyewe. Akaacha kutetemeka. Akaomba maji, akanywa kikombe kizima, akakirudisha kwa mikono miwili. Daktari alisema, "Baba, tafadhali, lala hapa." Akamjibu, "Asante, mama," akatoka.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Kulikuwa na ng'ombe wa masista waliokuwa wanaishi pale, amefungwa karibu na bustani, yule baba akasimama, akamtazama meno, akampiga piga shingoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja kutembea tu, "Huyu apewe chumvi." Halafu akaenda. Hakwenda haraka wala polepole, alikwenda kwa mwendo ule wa mtu anayetembea nyuma ya ng'ombe wanaokula.

Ndipo nikaona mgolole wake kwenye kamba. Nikauchomoa nikakimbilia dirishani. "Baba Kulwa!" nikaita. Kisha sijui kwa nini nikaita tena, "Baba Doto! Nguo yako!"

Kwa jina hilo la pili akainua fimbo juu, hakugeuka. Lile shuka jeupe likapita geti, likapita chini ya mkaratusi, likashika njia ya kwenda ukingoni, nami nikasimama na mgolole mkononi nikalitazama mpaka likawa dogo kama punje.